Una biashara Dar na unataka kufanya kazi na chuo? Anzia hapa

Kwanza usipeleke barua ya "tunaomba ushirikiano", itakaa kwenye faili mpaka uisahau. Nenda na shida inayoshikika. Mfano unatengeneza juisi ya ukwaju Tabata na chupa zinavimba baada ya siku 4, basi beba chupa zenyewe, nzima na iliyovimba, andika umechemsha kwa muda gani na umehifadhi wapi, hapo mhadhiri anaiona kazi ya mwanafunzi wake palepale.

Usianzie kwa mkuu wa chuo, tafuta idara. Mambo ya mitambo na umeme DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) wapo pale mjini, ramani na majengo nenda Chuo Kikuu Ardhi. Barua rasmi itafuata.

Muda ndo unagombanisha wengi. Wewe unataka jibu kabla ya Ramadhani mauzo yakipanda, mhadhiri ana mitihani ya kusahihisha na kalenda ya chuo haimsubiri mtu, kwa hiyo kubalianeni vipande vidogo vyenye tarehe.

Afu tafadhali sana, andikeni mapema matokeo ni ya nani! Mhadhiri anapanda cheo kwa kuchapisha, wewe unataka siri ibaki kwako, na wote mna haki. Kama kuna uvumbuzi mpya pelekeni kwanza maombi ya hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ndo mhadhiri achapishe, maana kikishatoka hadharani kinaweza kukosa sifa ya upya.

Na mwanafunzi akija kwako mpe nauli na chakula, asiishie kutumwa chai.