Somo: Kuitambua injini ya kale isiyo na kibati cha namba wala logbuku

Ukizunguka gereji za Malindi na nyua za wauza chuma chakavu, hukosi kukuta injini imelala juu ya tairi, gari lake halijulikani lilipo, na mwenye nayo anaapa ni ya Land Rover. Huenda ni kweli. Lakini injini za huku pwani zimehama mno. Inatoka kwenye gari, inakwenda kuvuta maji kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni, inaingia kwenye mashua, kisha inarudi gereji ikiwa na tapeti kava (kifuniko cha valvu kilicho juu) ya injini nyingine. Basi maneno ya muuzaji, rangi, na hata kava yenye jina la kampuni viweke mwisho. Kava hutoka kwa nati chache tu. Wewe uliza bloku, ule mwili wa chuma wenye silinda.

Safisha bila kuiua namba

Usianze na grainda wala tindo. Chumvi ya bahari ikishakula chuma, namba inabaki kina kidogo sana, na mpito mmoja wa grainda unaimaliza. Pakaza mafuta ya taa, acha yalale usiku kucha, kisha sugua taratibu kwa brashi ya waya wa shaba. Kausha, paka chaki, futa juu juu kwa kitambaa: chaki inabaki ndani ya mikato na herufi zinatokea. Washa tochi ya simu ukiilaza ubavuni. Ukimulika uso kwa uso huoni kitu.

Namba zilizovimba na namba zilizogongwa

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Namba zilizovimba zimemiminwa pamoja na chuma kiwandani. Ni namba za kipande chenyewe, na bloku elfu kadhaa zaweza kuwa nayo moja. Zilizogongwa kwa mhuri, zilizozama, ndizo namba za injini. Mara nyingi zinakaa mahali palipochongwa pakawa bapa, karibu na pale bloku inapokutana na hedi, kile kipande kinachofunika silinda kwa juu. Kwenye Land Rover za Series tafuta upande wa kushoto mbele, jirani na manifoldi ya egzosi (mabomba ya kutolea moshi). Kwenye Volkswagen ya kobe tazama chini ya kiti cha jenereta.

Kisha jihadhari na jinsi ya kusoma. Toyota ikiandika 18R, R ni ukoo na 18 ni mzao wake katika ukoo huo. Haina uhusiano na ukubwa (18R ni cc 1968). Nissan wao wameandika kinyume: L16 ni ukoo wa L wenye lita 1.6. Perkins, watengenezaji wa injini za dizeli, huhesabu silinda kwanza, halafu inchi za ujazo, kwa hiyo 4.108 ni silinda nne, inchi 108, karibu cc 1770. Maandishi yanafanana, hesabu zake haziamkiani.

Boliti zina uraia

Hata namba ikiwa imekwisha kabisa, boliti hazijaondoka. Chukua boliti yenye shina la milimita 8. Kichwa kikikubali spana namba 12, uko Japani. Kikitaka 13, uko Ulaya bara. Boliti ya milimita 10 Mjapani huifunga kwa 14, Mzungu kwa 17. Injini za Ulaya za zamani zaidi zilitumia kichwa cha 14 kwenye shina la 8, ndiyo sababu nasema pima shina pia, usitazame kichwa peke yake.

Kama spana zako zote za milimita zinacheza au zinakwama, hiyo ni ya inchi: Mwingereza au Mmarekani. Ila 19 na robo tatu ya inchi zinakaribiana hadi zinadanganya (inchi 0.75 ni milimita 19.05), na 13 inakaa juu ya nusu inchi ikilegea kidogo tu. Usihukumu kwa boliti moja, maana mafundi wetu hawaachi tundu wazi. Lolote linaloingia hufungwa. Chagua zile za ndani ambazo hazijaguswa, kama za kava la taimingi.

Tazama umbo

Hedi bapa isiyo na tapeti kava ni valvu za ubavuni, injini ya zama za Jeep za vita. Matundu matano kwenye hedi upande mmoja, mawili ya hewa na matatu ya moshi, yanakupeleka kwa ukoo wa BMC (kampuni ya Kiingereza, British Motor Corporation): Morris, Austin, MG. Sampu (beseni la oili chini ya injini) iliyokatwa mshazari, kana kwamba injini ililazwa, ni dalili kubwa ya Pijo (Peugeot) 404 au 504, kwani zote zililazwa nyuzi 45.

Pima

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo ninayoiamini kuliko namba yoyote. Unataka vitu viwili: upana wa silinda na mwendo wa pistoni.

Mwendo unaupata bila kufungua hedi. Toa plagi zote. Tia fito nyembamba ya mti laini (usitie chuma, kikinaswa utalia) kwenye tundu la silinda ya kwanza. Zungusha kranki (shina linalozungushwa na pistoni) kwa mkono, spana ikiwa kwenye boliti ya puli, mpaka fito ishuke hadi mwisho. Piga alama usawa wa tundu. Zungusha mpaka ipande juu kabisa, piga alama ya pili. Umbali kati ya alama ni mwendo. Tundu likiwa mshazari kipimo hupotoka, kwa hiyo chukulia kama makadirio, uhakikishe hedi ikishatoka.

Upana unahitaji hedi iwe wazi na venia (kipimo chenye taya) mkononi. Pima kwenye ukingo wa juu kabisa, mahali ambapo ringi za pistoni hazifiki, kwa sababu chini yake kidogo silinda huwa imelika. Halafu: upana mara upana, mara 0.7854, mara mwendo, mara idadi ya silinda. Tumia sentimita na jibu litakuja kwa cc.

Tuchukue Pijo, maana ndizo zimejaa. Si ajabu zikajaa: 404 ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na kila mwenye duka la upcountry alitaka yake. Fito inasema 73. Hiyo yaweza kuwa 403 au 404, zote zina mwendo huo. Fungua hedi: ukipata 80 ni 403, cc 1468. Ukipata 84 ni 404, cc 1618. Je, fito ingesema 81? Hapo ni 504: yenye upana wa 84 ni cc 1796, yenye 88 ni cc 1971. Milimita nane za fito zimekutenganisha na spea zisizoingiliana.

Land Rover ya lita 2.25 ni 90.47 kwa 88.9, cc 2286. Petroli na dizeli zina vipimo hivyo hivyo, kwa hiyo huko utatenganisha kwa pampu na injekta. Kobe: mwendo wa 64 ni ile ya 1200, mwendo wa 69 ni 1300, 1500 au 1600, na upana ndio unaoamua (77, 83, 85.5).

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Watamu:* Fundi, fito imeingia lakini kranki haizunguki hata nikiongeza bomba kwenye spana. Nifanyeje?

Toa bomba hilo kwanza, kaka. Injini iliyokaa karibu na bahari ringi zake hushikana na silinda, na ukilazimisha utavunja ringi au boliti ya puli. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya stelingi kwenye kila tundu la plagi, uiache siku kadhaa ukiongeza inapokauka. Kisha jaribu kwenda mbele na kurudi nyuma kidogo kidogo. Ikigoma, fungua hedi upime upana na uache mwendo kwa baadaye. Wakati huo soma boliti.

*Mwanachama, Langoni, Lamu:* Salaam alaykum ami. Tuna injini ya dizeli kwenye mashua, wazee wanasema ni ya lori. Kibati kimeliwa na chumvi, kilichobaki ni LD mwanzoni, U katikati na E mwishoni. Silinda nne.

Waalaykum salaam, mwanangu. Mmebakiwa na herufi zile zile zenye maana. Huo ni mpangilio wa Perkins: LD ni ukoo wa 4.236, U ni Uingereza ilikotengenezwa, na herufi ya mwisho ni mwaka. Walianza A mwaka 1974, kwa hiyo E ni 1978. Hakikisheni kwa kipimo: upana 98.4, mwendo 127, karibu cc 3860. Injini hiyo ilifungwa sana kwenye matrekta ya Massey Ferguson, basi mkikosa spea kwa wauza vya mashua, ulizeni kwa watu wa matrekta. Ila manifoldi na kipoza cha maji ya bahari msivitafute huko, trekta haina.

*Mwanachama, Mambrui:* Shikamoo fundi. Marehemu baba aliacha injini ndogo, silinda mbili, haina radieta wala njia za maji. Ndugu zangu wanasema ni ya pikipiki.

Marahaba binti yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Tazama silinda zimekaaje. Zikisimama pamoja ubavu kwa ubavu, kuna uwezekano mkubwa ni Fiat 500 ya zamani, cc 499, upana 67.4 na mwendo 70. Zikilala moja kulia moja kushoto, fikiria Citroën 2CV. Ile ya mwisho mwisho ni cc 602. Tafuta pia mahali gia boksi ilipofungwa na flaiwili kubwa yenye meno ya stata. Kabla hujapima, waambie ndugu wasiuze kwa kilo.

*Mwanachama, Malindi:* Boliti zangu ni za 12 na 14, kwa hiyo Japani. Nimepima 81 kwa 78, hesabu inatoka cc 1608. Nimetafuta kila mahali, hakuna injini ya 1608.

Haipo, na wewe hujakosea kupima. Silinda zimetobolewa upya, yaani zimepanuliwa mashineni. Toyota 12R ni 80.5 kwa 78, cc 1587. Ongeza nusu milimita ya kutoboa, unapata 81 yako. Futa masizi juu ya pistoni, utaona 50 au 0.50 imegongwa. Ukiagiza ringi, agiza za kipimo hicho, za kawaida zitalegea. Kwa injini yoyote iliyokwisha kufunguliwa, linganisha mwendo kwanza, kwa sababu mwendo haubadiliki kwa kutoboa.

*Mwanachama, Malindi:* Nimepata bloku safi ya 504 lakini pale pa namba pamesagwa pakang'aa. Nikigonga namba ya logbuku yangu kuna shida gani?

Shida ni kubwa, bwana. Chumvi haisagi bapa namna hiyo. Huo ni mkono wa mtu, na mara nyingi sababu yake ni wizi. Ukigonga namba yako juu yake, kesi umeihamishia kwako. Gari likibadilishwa injini, NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) wanataka kuikagua na kuandika namba mpya kwenye rekodi, na hapo hutakuwa na namba wala risiti ya kuonyesha. Mrudishie muuzaji. Kama ameshakula pesa zako, mdai hedi, kranki na manifoldi kwa bei ya spea, bloku abaki nayo.