Kusoma profoma ya mzigo kutoka China kabla hujatuma pesa

Profoma (ankara ya awali anayokutumia muuzaji) ikifika, usikimbilie jumla iliyo chini. Anza na herufi tatu zilizo kando ya bei. Hizo ndizo zinazokwambia bei inaishia wapi.

Hatua ya 1: Herufi na mahali

EXW inaishia mlangoni mwa kiwanda. Lori la kwenda bandarini na forodha ya China ni juu yako. FOB Shenzhen, muuzaji anafikisha mzigo hadi ndani ya meli pale Shenzhen. CFR Dar es Salaam, nauli ya meli imo. CIF, nauli na bima zimo. Ukikuta "FOB Mombasa" kwa mzigo unaotoka China, irudishe isahihishwe: FOB hufuatwa na bandari ya kupakia. Dai pia iandikwe "Incoterms 2020", yaani kanuni za kimataifa zinazoeleza maana ya herufi hizi.

CIF ndiyo inayowaponza wengi. Muuzaji analipa nauli hadi Mombasa, lakini mzigo ukishapakiwa melini, hasara ya njiani ni yako. Unabaki na bima aliyokukatia, na CIF inamdai ya chini kabisa tu, iitwayo kundi C, kwa 110% ya bei. Kundi C halilipi wizi, wala maji ya bahari yakiingia kwenye kontena. Tena Kenya na Tanzania zinataka bima ya mzigo wa baharini ikatwe kwa kampuni za nchini. Basi omba CFR, bima ukate nyumbani, usije ukailipia mara mbili.

Ukichukua FOB ili ushuru upungue, umejisumbua bure: forodha huongeza nauli na bima kabla ya kukokotoa.

Hatua ya 2: CBM (mita za ujazo)

Katoni ya sm 60 × 40 × 50 ni CBM 0.12, kwa hiyo katoni 100 ni CBM 12. Ukichangia kontena na wengine (LCL), unatozwa kwa CBM au kwa tani, kilicho kikubwa. Nauli ya LCL ikiwa rahisi kupita kiasi, shtuka: mara nyingi pengo hufidiwa kwenye gharama za bandari ya kushushia. Taka orodha yake kwa maandishi mapema.

Hatua ya 3: Malipo

"T/T 30/70" ni malipo ya kutumwa kupitia benki: 30% unapoagiza, 70% baadaye. Baadaye lini? "Against copy of B/L" maana yake unamalizia ukishaona nakala ya hati ya meli, yaani mzigo umepakiwa. "Before shipment" unamalizia mzigo ukiwa bado ghalani kwake. Kwa muuzaji mgeni, shikilia ya kwanza.

"Lead time 25 days", yaani siku 25 za kuandaa mzigo, kwa kawaida huhesabiwa tangu malipo ya awali yaingie, si tangu uagize. Uliza.

Hatua ya 4: Siku za bure

Siku za bure ni zile unazokaa na kontena bila kutozwa. Demurrage ni tozo inayokimbia kontena likiwa bandarini baada ya siku hizo kwisha. Detention, likiwa kwako halijarudishwa tupu. Kwa CFR na CIF anayeikodi meli ni muuzaji, kwa hiyo mwambie aombe siku 14 za bure kabla hajathibitisha nafasi. Meli ikishaondoka, wakala wako wa forodha hana nafasi kubwa ya kujadili.