Kabla ya Kuchora Mstari wa Kwanza: Kupanga Faili na Matoleo ya Michoro ya Uhandisi

Ofisi ya uhandisi inayopokea kazi ya jengo la ghorofa kule Nyali au Bamburi, Mombasa, hujiandaa mapema kwa upimaji wa udongo na ada za vibali, lakini mara nyingi huacha bila jibu swali moja zito: kati ya faili zote zitakazotokana na mradi huo, ni ipi ambayo fundi aliye saiti anaruhusiwa kuijengea? Jibu lipatikane kabla programu ya kuchorea haijafunguliwa, kwani kazi ikishashika kasi hakuna apataye nafasi ya kupanga upya.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, kinachohusu usimamizi wa taarifa za ujenzi na kilichoanza kutolewa mwaka 2018, huziweka taarifa za mradi katika hali nne: zinazoendelea kufanyiwa kazi, zilizogawiwa wataalamu wengine, zilizotolewa rasmi, na zilizowekwa kumbukumbu. Hata ofisi ya watu watatu yaweza kuufuata mgawanyo huo kwa folda nne, mradi tu faili isihame folda kabla mhandisi aliyekabidhiwa jukumu hilo hajaikagua.

Utaratibu wa matoleo ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Utaratibu wa Uingereza wa kutumia P01, P02 na kuendelea kwa michoro ya awali, kisha C01 kwa michoro ya mkataba, unafaa sana, kwa kuwa herufi yenyewe humwambia mkandarasi kama mchoro umefikia hatua ya kujengewa. Chukua nguzo ambayo nondo zake zimebadilishwa kutoka milimita 16 hadi 20: mchoro wa zamani na mpya hutofautiana kwa namba moja tu, nayo haionekani kwa urahisi kwenye kioo cha simu pale PDF inapopitishwa kwa WhatsApp. Kwa hiyo alama ya toleo iwe kwenye jina la faili na pia kwenye kisanduku cha maelezo pembeni mwa mchoro, sehemu iliyobadilika izungushiwe mstari wenye umbo la wingu, na jedwali la marekebisho litaje tarehe, badiliko na aliyeliidhinisha. Karatasi za toleo la zamani zikusanywe saiti siku ileile toleo jipya linapofikishwa.

Kubalianeni pia na mpima ardhi na msanifu majengo kuhusu vizio vya kipimo na viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali (Mombasa imo katika kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa ramani ya dunia katika kanda), na michoro rejea, yaani faili nyingine zinazoonyeshwa ndani ya mchoro, iunganishwe kwa njia inayotegemea folda ya mradi, si jina la diski ya kompyuta moja, la sivyo itapotea mara folda itakapohamishwa. Ulizeni kila mshirika anatumia programu ya kuchorea ya AutoCAD ya mwaka gani, kwani faili ya DWG (aina ya faili ya michoro ya AutoCAD) ya muundo wa 2018 haifunguki kwenye AutoCAD 2017.

Umeme ukikatika ghafla, faili ya .bak huwa na hali ya mchoro kabla ya kuhifadhiwa mara ya mwisho, na ile ya .sv$ hubeba hifadhi ya kiotomatiki. Zote hufunguka zikibadilishwa kiambishi cha mwisho wa jina kuwa .dwg. Hizo hazitoshi kompyuta ikiibwa au diski ikiharibika. Wekeni nakala nyingine nje ya ofisi, na kabla ya kazi kuanza jaribuni kuufungua mradi mzima kutoka kwenye nakala hiyo, kwa kompyuta ambayo haijawahi kuugusa.