Ukizoea batobato, michirizi kahawia itakupita

Mkulima wa mihogo Kasulu au Kibondo hafundishwi kuutambua ugonjwa wa batobato. Akiingia tu shambani, macho yanakwenda kileleni: majani machanga yamejikunja, yamedumaa, yana mabaka ya njano. Kwisha. Kwa macho hayohayo akienda kutafuta ugonjwa mwingine wa mihogo, michirizi kahawia, atatoka mikono mitupu, maana ugonjwa huo hujionyesha zaidi chini.

Anza na majani yaliyokomaa. Jani linabaki na umbo lake zuri, ila kandokando ya mishipa limegeuka njano na katikati bado kijani. Wengi husema limezeeka. Lililozeeka hupauka lote. Tazama shina, sehemu iliyo kijani, kama lina michirizi ya kahawia. Kisha ng'oa, ukate mizizi vipande vipande hadi mwisho, kwa sababu kidonda kinaweza kujificha katikati. Uozo wake ni mkavu na mgumu. Ule wa maji yaliyotuama ni laini na hunuka.

Kupitwa na ugonjwa huu si uzembe. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Leon Kamin aliwazoesha panya kwamba kelele huleta shoti ya umeme. Alipoongeza taa kwenye kelele ileile, taa hawakuijali. Dalili ya kwanza iliwatosha. Shambani nako shina moja linaweza kubeba magonjwa yote mawili, na aliyekwisha kuona batobato hainami tena.

Kwa hiyo, bwana shamba, kikundi chako cha wakulima kisianzie kwenye shina lenye batobato. Tafuta lenye michirizi peke yake, ulilinganishe na lililo zima. Kila mmoja aseme lipi linaumwa, na kwa nini, kabla panga halijagusa mzizi. Hapo ndipo ubishi unapofundisha kuliko mabango. Kuhusu inzi weupe na pingili zenye ugonjwa usipoteze muda: magonjwa yote mawili huenezwa hivyo, na hilo wanalijua tayari.

Mashina ya mbegu yakagueni mvua zikiwa bado zinanyesha, yasiyo na dalili myafunge kamba. Kiangazi majani ya chini yameshapukutika. Siku ya kuvuna, shina lililofungwa kamba likitoa mzizi wenye kidonda, lichomwe. Hata lililo safi machoni linaweza kuwa na virusi, hivyo wa shamba jipya kabisa anunue pingili zilizothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.