Kuutafutia uji nafasi: kunyonya na kulala kwa mtoto wiki tatu kabla ya miezi 6

Mtoto aliyezaliwa tarehe 3 Machi anatimiza miezi 6 tarehe 3 Septemba. Kazi inayoelezwa hapa inaanza kama tarehe 13 Agosti, na katika wiki hizo tatu kinywani mwake hakiingii kitu zaidi ya maziwa ya mama na dawa aliyoandikiwa kliniki. Si uji, si juisi, si maji. Kinachosogezwa ni saa tu: lini ananyonya, lini analala.

Mama wengi huanza kulikiza, yaani kumwanzishia mtoto chakula juu ya maziwa ya mama, kwa kupika uji, kumketisha mtoto na kumpelekea kijiko mdomoni. Siku hiyo mtoto ama ana usingizi, ama ametoka kunyonya sasa hivi na ameshiba, ama ana njaa kali na anataka ziwa, hana muda na kijiko. Analia, anageuza shingo, uji unamwagikia kanga, na jioni inasemwa "huyu hapendi uji". Uji hauna kosa, ulikosa nafasi. Mtoto anayejifunza kula anahitaji kipande cha muda ambacho yuko macho kabisa, amenyonya kiasi cha kuondoa haraka, na usingizi bado uko mbali: dakika kama 45 tangu anyonye, na dakika 45 au zaidi kabla ya kulala. Kwa mtoto ambaye kila anaponyonya ndipo analala, kipande hicho hakipo. Inabidi kitengenezwe.

Wiki ya kwanza: daftari

Kwa siku tatu usibadilishe chochote. Andika saa aliyoamka, saa alizonyonya, saa alizolala mchana na muda aliolala. Kama mchana anabaki na dada wa kazi, mwachie daftari na kalamu, au mwambie atume ujumbe kwenye simu kila mtoto anapolala na kuamka. Usingizi wa mgongoni nao unahesabiwa, hata wa dakika 25 ndani ya daladala.

Mtoto wa miezi mitano hadi sita hulala jumla ya masaa 12 mpaka 16 kwa siku nzima, mchana akigawa mara tatu, wengine bado nne. Kati ya usingizi mmoja na mwingine hukaa macho kama masaa 2. Asubuhi chini kidogo ya hapo, jioni mpaka masaa 2 na nusu. Daftari litakuonyesha wako yuko wapi, na hapo ndipo unapoanzia. Ratiba ya mtoto wa jirani haikusaidii.

Jifunze pia kuona usingizi unavyokuja. Kwanza macho yanaganda: anakodolea ukuta au pazia, mikono inatulia, hakufuati tena unapopita. Dakika chache baadaye anapikicha macho, anavuta sikio, anapiga miayo. Akishaanza kupinda mgongo na kulia kwa hasira umechelewa, na mtoto aliyechoka kupita kiasi hulala kwa shida na kuamka upesi. Mlaze anapokodoa macho, usingoje miayo ya tatu.

Wiki ya pili: sogeza mnyonyo mmoja

Mmoja tu, ule wa kumlazia usingizi wa pili. Lakini anza na ule wa baada ya usingizi wa kwanza wa asubuhi. Akiamka mnyonyeshe ndani ya dakika 10, hata kama halii. Anyonye ashibe, pande zote mbili akitaka. Kwa kuwa amenyonya akiwa macho na nguvu anazo, hatalihitaji sana ziwa la kumlaza kwa usingizi unaofuata.

Hilo la kumlaza ndilo linalosogezwa polepole. Kama alikuwa anasinzia na chuchu mdomoni saa 5:30, siku mbili za kwanza mtoe akiwa anakaribia kusinzia, mbadilishe nepi, kisha mweke mgongoni au mbembeleze begani. Siku mbili zinazofuata mnyonyeshe saa 5:20, halafu saa 5:10. Dakika kumi tu kila mara. Akigoma siku moja, mpe, kesho mnaendelea. Ziwa la kulalia usiku liache lilivyo. Halizuii uji wa asubuhi, na hakuna sababu ya kupigana vita viwili kwa pamoja.

Siku ikikaa sawa hufanana na hii, kwa mtoto anayeamka saa 12:30 asubuhi, jua la Mwanza linapokaribia kuchomoza. Ananyonya akiamka. Saa 2:15 analala mpaka kama saa 3:15. Ananyonya. Saa 4:00 yuko macho, mchangamfu, ameshiba kiasi: hiyo ndiyo nafasi ya uji wa baadaye. Saa 5:30 analala tena, saa moja na nusu akijaliwa. Ananyonya saa 7:00 mchana, na tena saa 9:00. Saa 9:30 analala usingizi wa tatu, anaamshwa saa 10:30 kama hajaamka mwenyewe, ananyonya. Anaogeshwa, ananyonya, na saa 1:00 usiku yuko ndani ya chandarua. Usiku ananyonya mara mbili au tatu, na katika umri huu hilo ni jambo la kawaida. Katikati ya yote hayo, akiomba ziwa apewe. Saa hizi ni mfupa wa siku, hazimnyimi mtoto ziwa.

Kwa nini asubuhi na si jioni? Chakula kipya kikimtoa vipele au kumtapisha, utaona mchana na zahanati iko wazi. Pia ni kabla ya joto. Kuanzia saa 6 mchana chumba cha bati kinachemka, na nyumba zilizobanana na mawe ya mitaa ya Mabatini au Bugarika jioni bado zinarudishiwa joto na jiwe. Usingizi wa mchana kati uwe chumba chenye upepo, mtoto akiwa na nguo moja nyepesi, chali, kwenye godoro lisilobonyea, bila mto wala kanga ya kufunika uso. Chandarua kifungwe hata mchana.

Wiki ya tatu: mlo mtupu

Saa 4:00 nawa mikono, mkalishe mapajani au kwenye mkeka ukimwegemeza, mpe kijiko safi na kikombe kitupu. Dakika 10. Wewe kunywa chai yako, yeye agonge, atafune kijiko, akidondoshe. Hamna chakula. Unachojenga ni mazoea ya mahali na saa, na hapo hapo unampima. Je, anashika shingo bila kuyumba? Anakaa akiegemezwa bila kulalia upande? Kijiko kikigusa mdomo, ulimi bado unakisukuma nje au umetulia? Anapeleka vitu mdomoni mwenyewe na kulenga? Ulimi unaosukuma kila kitu nje ndio unaofanya uji wote uishie kidevuni.

Kula ngumi si dalili ya kutaka uji. Kukutazama ukila vilevile: wa umri huu anatazama hata fundi anayegongelea bati. Kuamka usiku ndiko kunakodanganya wengi zaidi, kwa sababu usingizi wa mtoto hubadilika karibu na mwezi wa nne na wengi huanza kuamka mara nyingi. Hapo ndipo bibi anaposema, "Mwanangu, huyu ana njaa, mkorogee hata uji mwepesi." Jibu la heshima lipo: "Sawa mama, nitampima kliniki wiki hii." Na kweli umpime. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa katikati ana kilo 7.0 akiwa na miezi minne, 7.5 mitano na 7.9 sita; wa kike 6.4, 6.9 na 7.3. Utaona ongezeko linapungua mwezi hadi mwezi, na hilo peke yake halina ubaya. Angalia mstari wake kwenye kadi: ukipanda sambamba na mistari iliyochorwa, maziwa yanatosha. Ukilala au kushuka, muuguzi auone wiki hiyo hiyo.

Panapoharibika

Kosa kubwa ni kupunguza kunyonya "ili awe na hamu". Matiti yanavimba siku mbili, kisha maziwa yanapungua, kwa kuwa ziwa hutengeneza kadiri linavyotolewa. Mtoto anafika kwenye kijiko akiwa na njaa ya hasira, na uzito unasimama mwezi ule ule uliotaka kumwongezea chakula.

Usingizi wa dakika 30 hadi 40 unachosha watu bure. Huo ni mzunguko mmoja wa usingizi, na wengine huamka hapo. Ngoja dakika tano, mpigepige kifuani taratibu bila kumwinua. Asiporudi, mnyanyue, na safari hii mlaze mapema, baada ya saa moja na nusu.

Kunyonya huku akigeuka kila mlango unapolia ni kawaida ya umri huu. Ananyonya mara tano, anachungulia, anavuta chuchu kama mpira. Mpeleke chumba chenye giza kidogo, simu mbali. Anyonyaye kweli utamsikia: anavuta haraka mwanzoni, kisha polepole na kwa kina, na koo linameza. Asipomeza mchana, atalipiza usiku.

Joto la Septemba kabla ya mvua humfanya atake ziwa kila baada ya nusu saa. Mpe. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, na maji ya Ziwa Victoria au ya ndoo kabla ya miezi 6 yanajaza tumbo na kuleta kuhara. Nepi sita au zaidi zenye mkojo kwa siku zinatosha kukutuliza. Zikipungua, mkojo ukakolea, au utosi ukabonyea, nenda kituo cha afya. Homa haingoji ratiba: apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Mama anayerudi kazini

Sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha hadi masaa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Ukiwa karibu na nyumbani, yatumie saa 3:15 na saa 7:00. Ukiwa mbali, yatumie kukamua. Hesabu mililita 30 hadi 45 kwa kila saa utakayokuwa mbali: masaa 8 ni kama 240 mpaka 360, zigawe vikombe vya 90 hadi 120. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa masaa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na mchana wa Mwanza chini ya bati unazidi hapo, kwa hiyo tumia friji, siku 4, au boksi lenye barafu, masaa 24. Yapashwe kwa kuzamisha chombo kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, yasichemshwe. Anyweshwe kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa ameketi wima, ukingo ukigusa mdomo wa chini ili alambe mwenyewe. Dada asimmiminie. Mtoto anayekataa kikombe mchana na kunyonya usiku kucha amehamisha milo yake. Ongeza mnyonyo wa alfajiri kabla hujatoka na mwingine mara tu unaporudi, kabla ya kupika.

Siku yenyewe ikifika

Aliyezaliwa njiti, au anayeumwa, aanze kwa ushauri wa kliniki. Mwingine, akitimiza miezi 6, pitia kliniki kwa matone ya vitamini A, kisha saa 4:00 ile ile, mahali pale pale, kikombe kisiwe kitupu. Vijiko viwili vya chai vya viazi lishe vilivyopondwa na kulainishwa kwa maziwa yako, au uji wa unga mmoja, mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko kilichoinamishwa. Unga wa nafaka nane na karanga uache kwanza: kikimdhuru kitu hutajua ni kipi, na uliokaa dukani katika unyevu unaweza kuwa na sumukuvu, sumu ya ukungu. Baada ya siku chache ongeza dagaa waliosagwa, maana akiba yake ya madini chuma imeanza kuisha. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja. Wa mchangani hubaki na mchanga hata ukiwaosha mara tatu. Wachambue, uwakaange bila mafuta, usage, uchekeche kwa chujio la chai.

Usingizi wa saa 5:30 hausogei.