Somo: Kumtambua lava wa Cetomimidae

Cetomimidae ni samaki wa kilindi cha bahari, na lava ni mtoto wao ambaye bado hajageuka kuwa mkubwa. Hadi mwaka 2009 samaki hawa waliwekwa katika familia tatu: Mirapinnidae wenye mkia mrefu, Megalomycteridae wenye pua kubwa, na Cetomimidae wenye domo pana. Mwaka huo mtaalamu wa samaki G. David Johnson na wenzake walionyesha kuwa ni familia moja: lava, madume na majike. Dalili ilikuwepo siku nyingi. Kundi la kwanza halikuwa na aliyekomaa hata mmoja, la pili lilikuwa madume matupu, la tatu majike matupu.

Hatua ya 1. Tazama kina alikonaswa. Lava huishi mita 200 za juu. Wakubwa hukaa chini ya mita 1,000.

Hatua ya 2. Mweke chini ya hadubini, uanze na mdomo. Wa lava ni mdogo na umeelekea juu, hula kopepoda, vijidudu vya majini jamii ya kamba. Mkia mrefu kama utepe usiutegemee sana, wavu huukata.

Hatua ya 3. Tafuta mapezi ya nyonga. Lava anayo, tena mbele kabisa, karibu na koo. Jike aliyekomaa hana. Hapa ndipo wengi hupotea, maana wanatarajia mtoto afanane na mama.

Hatua ya 4. Shika kisichobadilika: pezi la mgongo na la mkundu, yote nyuma kabisa, yakitazamana. Hesabu miale yake, yaani vijiti vinavyoshikilia pezi, kisha pingili za uti kwa eksirei. Mimi naziamini hesabu hizi kuliko umbo.

Hatua ya 5. Kata kipande kidogo cha nyama, ukihifadhi kwenye ethanoli kwa ajili ya DNA, kabla samaki hajatiwa formalini, dawa ya kumhifadhi asioze.

MASWALI

Mwanachama: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwamba dume hana tumbo. Anaishije?

Jibu: Marahaba. Kabla hajageuka kuwa mkubwa hubugia kopepoda mpaka utumbo unajaa. Kisha umio na tumbo hutoweka, na ile akiba huhamia kwenye ini, ambalo huvimba sana. Ini hilo ndilo linalomlisha maisha yake yote ya ukubwani. Pua nayo hukua kupita kiasi, pengine ya kumnusa jike gizani.

Mwanachama: Mkuu, nina picha ya lava mwenye macho juu ya vijiti virefu. Ndiye huyu?

Jibu: Hapana, huyo yaelekea ni Idiacanthus, samaki wa kilindini wa ukoo mwingine kabisa. Vijiti vyake ni gegedu. Akigeuka, vijiti hufupika mpaka macho yanarudi kwenye fuvu.

Mwanachama: Wangu keshakaa kwenye formalini miaka. Nimtupe?

Jibu: Usithubutu! DNA yake itasumbua kusomeka, lakini mifupa ipo. Rudi hatua ya 4.