Kutoa kutu kwenye tangi la Lister

Mashine yangu ya kusaga inaendeshwa na Lister kuukuu, injini ya dizeli. Ikianza kukohoa katikati ya debe la mtu, najua kutu imeshuka kwenye filta.

Nafungua tangi, namwaga dizeli yote, natoa koki na kuziba tundu lake kwa boliti. Naliosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha naingiza mnyororo wa baiskeli na kulitikisa mpaka mikono ichoke. Mnyororo ufunge waya, ncha ibaki nje. Mimi niliwahi kuuvua kwa sumaku nusu siku. Sasa jaza siki mpaka shingoni, iache siku nzima. Itatoka nyekundu kama chai ya rangi. Suuza kwa maji yenye magadi, likaushe upesi juani, na papo hapo zungusha dizeli kidogo ndani, maana chuma kitupu hushika kutu kabla hujamaliza kunawa.

Vitundu? Fundi wangu alitaka kuchomelea. Nilimkatalia: tangi tupu lina mvuke wa dizeli, linaweza kulipuka. Piga msasa nje mpaka chuma king'ae, paka gundi ya chuma ya tyubu mbili, iache usiku kucha.